Kuagiza mlo wa vionjo saba Mwanza, kwa ile siku moja ya kujitanua

Hoteli nyingi za Capri Point na za kando ya ziwa hazina mlo wa vionjo kwenye menyu. Zina shefu, na huyo ndiye unayemhitaji. Ukimwona mapema na kuacha advansi, utapikiwa sahani saba ndogo za meza yako tu. Ukiingia Jumamosi usiku bila kuagiza, utaletewa sato wa kukaanga na chipsi kama watu wote.

Anza siku kumi kabla. Usiishie kupiga simu mapokezi; nenda mwenyewe saa tisa alasiri, wakati wateja wa mchana wameondoka na jiko limepoa, uombe kuonana na shefu. Mweleze mko wangapi, bajeti ni kiasi gani kwa kila kichwa, na nani hali nini. Kisha sisitiza kwamba kila sahani ni ya kuonja, na uitaje kwa gramu. Jiko letu limezoea kumshibisha mgeni. Kumpa kipande kidogo huonekana ubahili. Usipotaja gramu, sahani ya tatu itakuja na nusu ya samaki, na ya tano hakuna atakayeigusa. Jumla ya chakula cha mtu mmoja isizidi gramu 450.

Kabla ya kupanga tarehe, angalia mwezi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti, hivyo wavuvi wengi hawatoki. Ukitaka dagaa wabichi, epuka wiki ya mwezi mpevu. Wakavu wapo siku zote Mwaloni Kirumba, lakini hao ni wa mboga ya nyumbani, si wa kufungulia mlo huu.

Mpangilio unaofaa ni huu. Dagaa wabichi waliokaangwa kwa unga kidogo wa mtama na ndimu, vijiko viwili tu. Supu ya sangara. Nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga juu ya kipande cha ugali kilichochomwa, gramu 60. Sato wa mvuke kwa tangawizi, gramu 50, miiba yote imetolewa. Mnofu wa sangara uliokaushwa ngozi kwenye kikaango, gramu 60. Kuku wa kienyeji au mbuzi, gramu 50. Mwisho michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na kupondwa kwa maziwa, pamoja na chungwa la Ukerewe. Shefu akibadilisha, mwachie, ila asifuatanishe sahani mbili za kukaanga: mafuta hufunika ulimi, na kinachofuata hakina ladha.

Supu ndiyo hupima jiko. Itoke kwenye mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kukatwa, ambayo kwa supu ni bora kuliko mnofu wenyewe. Kilo moja kwa lita moja na nusu ya maji baridi. Matamvua yatolewe yote, maana ndiyo huleta uchungu. Moto uwe mdogo, maji yatetemeke bila kutokota, povu lienguliwe, na baada ya dakika 25 ichujwe kwa kitambaa safi. Ikiachwa saa nzima kwa kudhani itakolea, huwa nzito yenye ukungu na ladha ya chokaa. Kila mgeni apate nusu kikombe cha chai, ya moto sana.

Sangara naye huharibika kwa kupikwa mno. Akifika nyuzi 63 katikati ameiva. Akipita hapo sana hukauka. Waulize wamemnunua lini. Asubuhi ile ile ni jibu zuri, na aliyetoka kwenye friza yao si wa siku hii. Sangara asiyefika sentimita 50 hakuruhusiwa kuvuliwa, kwa hiyo usiombe “mdogo mtamu”. Na ukiambiwa shefu anaweza kuwapa samaki mbichi wa ndimu, kataa. Ndimu hugeuza rangi ya nyama lakini haiui minyoo. Kuiua hutaka samaki agandishwe kwa nyuzi hasi 20 siku saba, na friza ya kawaida haifiki huko kwa uhakika.

Muda una hesabu yake. Jua la Mwanza huzama kati ya saa 12:40 jioni na saa 1:10 usiku, kutegemea mwezi wa mwaka. Kaeni saa 12:15, sahani ya kwanza ije ziwa bado linaonekana. Kati ya sahani na sahani dakika 15 hadi 20, yaani saa mbili na ushee kwa jumla. Giza likiingia, hamieni ndani: taa za nje huvuta wadudu wa ziwani kwa mawingu, na supu iliyojaa wadudu haina dawa. Pia uliza vyombo. Watu sita mara saba ni sahani 42. Jiko lisilo nazo litaosha katikati ya mlo, na hapo ndipo dakika 20 huwa 50. Na umeme ukikatika, jenereta lao linabeba jiko, au taa tu?

Vinywaji: mvinyo mweupe wa Dodoma, wa baridi, kwa samaki. Ukija na chupa yako, ulizia mapema ada ya kuifungulia. Asiyekunywa pombe apewe rozela isiyo na sukari nyingi.

Bei iandikwe kabla, ikionyesha kama VAT imo ndani. Advansi ya nusu inatosha. Ukilipa yote mapema, huna cha kushikilia sahani zikipungua. Bahashishi igawe mara mbili, ya wahudumu na ya jikoni, kila fungu mkononi mwa wenyewe.