Kuunda saa ya kuzamia ya kizamani

Anza na mashine, sura baadaye. Mimi hutumia NH35 ya Seiko: hujijaza yenyewe ukitembeza mkono, na uso wake wa milimita 28.5 haukusumbui kuupata. Kasha langu lililochubuka nililitoa soko la Owino hapa Kampala. Michubuko nimeiacha, ndiyo uzee wenyewe.

Mishale ipime kabla hujalipa, ndugu yangu: tundu la mshale wa saa ni milimita 1.5, wa dakika 0.9. Kijiti cha kifundo, kile kinachoingia ndani ya mashine toka kitufe cha kurekebishia saa, kikate kidogokidogo. Cha kwanza nilikikata mara moja, kikawa kifupi, pesa ikaenda.

Mpira wa mfuniko uwe mpya, upake grisi ya silikoni. Kisha pima kama inaingiza maji: ichovye saa majini, ifute, iweke juu ya kikombe cha chai ya moto, kisha dondoshea kioo maji baridi. Ukungu ukitokea ndani, usiogelee nayo Entebbe.