Kabla ya kukata tiketi ya China, soma kalenda yao

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayejiandaa kwenda Guangzhou au Yiwu hupiga hesabu ya nauli, viza, hoteli na mtaji. Kalenda ya sikukuu za China huwa ya mwisho kukumbukwa, na wapo wanaoikumbuka wakiwa wameshafika, kiwanda kimefungwa na mkalimani ameenda kwao kijijini. Hasara ya namna hiyo huniuma kila ninapoisikia, kwa sababu tarehe hizi hutangazwa mapema na kila mtu anaweza kuzipata.

Anza na tangazo lenyewe. Serikali kuu ya China hutoa ratiba ya mapumziko ya mwaka unaofuata kuelekea mwisho wa mwaka, kwa kawaida kati ya mwishoni mwa Oktoba na Novemba. Hadi 2024 siku za mapumziko kisheria zilikuwa 11. Kuanzia 2025 zimekuwa 13, baada ya kuongezwa mkesha wa Mwaka Mpya wa Kichina na tarehe 2 Mei. Sikukuu ni saba: Januari mosi, Mwaka Mpya wa Kichina, Qingming ya mwanzoni mwa Aprili ambayo watu huenda kusafisha makaburi ya wazee wao, Mei Mosi, sikukuu ya mashua za joka, sikukuu ya mwezi mpevu ya Septemba au Oktoba, na Siku ya Taifa tarehe 1 Oktoba.

Siku 13 zinaonekana chache, lakini serikali huunganisha sikukuu na wikendi ili watu wapate likizo ndefu, kisha siku zilizoazimwa hulipwa kwa kufanya kazi Jumamosi au Jumapili nyingine. Mwaka 2025, kwa mfano, mapumziko ya Siku ya Taifa yaliunganishwa na sikukuu ya mwezi mpevu, yakawa tarehe 1 hadi 8 Oktoba. Kufidia, watu waliingia kazini Jumapili ya tarehe 28 Septemba na Jumamosi ya tarehe 11 Oktoba. Kwa hiyo usihesabu siku za kazi kwa kalenda ya ukutani kwako. Chukua ratiba yao ya mwaka huo, weka alama siku za kupumzika na pia wikendi za kazi, kwa sababu hizo za pili ni nafasi ya kumkuta mtu ofisini siku ambayo ungedhani hayupo.

Mwaka Mpya wa Kichina ndio unaohitaji umakini kuliko zote. Hufuata mwezi mwandamo, ukaangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Kwenye karatasi ni likizo ya siku nane au tisa. Ile ya 2026 ilipangwa tarehe 15 hadi 23 Februari. Viwandani mambo ni tofauti kabisa. Wafanyakazi wengi wa Guangdong na Zhejiang, mikoa yenye Guangzhou na Yiwu, wametoka mikoa ya mbali kama Hunan, Sichuan, Guizhou na Henan, na kwa wengi wao hii ndiyo safari ya nyumbani ya mwaka mzima. Msimu wa safari hizo, unaoitwa chunyun, huchukua siku 40: huanza siku 15 hivi kabla ya sikukuu na kuendelea karibu siku 25 baada yake. Viwanda vingi huanza kupungukiwa watu wiki moja au mbili kabla, na huchangamka tena baada ya sikukuu ya taa, siku ya 15 ya mwezi wao wa kwanza. Soko kubwa la Yiwu nalo hufunga takriban wiki mbili. Likizo ya siku tisa ukiihesabu kuwa mwezi mmoja na zaidi wa kazi iliyolala, utakuwa karibu na ukweli.

Sasa sikiliza jambo linalotuhusu sisi hasa. Kuanzia 2026 hadi 2028, Mwaka Mpya wa Kichina na Ramadhani vinaandamana. Mwaka wao unaanza na mwezi mpya, Ramadhani inasubiri mwezi uonekane, basi tofauti ni siku moja au mbili tu. Mwaka 2027 sikukuu yao ni tarehe 6 Februari na Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8. Mwaka 2028 ni tarehe 26 Januari, na Ramadhani karibu na tarehe 28. Maana yake ni kwamba mwezi wa kuuza kanzu, mabaibui, viatu vya watoto, mazulia na vyombo ndio mwezi ambao China haizalishi wala haipakii. Kilichochelewa kutoka hakitawahi Idi.

Piga hesabu kwa kurudi nyuma. Ukitaka mzigo uwe dukani mwishoni mwa Januari 2027, kumbuka kwamba meli kutoka bandari za kusini mwa China hadi Dar es Salaam au Mombasa huchukua mwezi hivi, na zaidi kontena likishushwa njiani na kusubiri meli nyingine. Ongeza siku za forodha. Ongeza wiki tatu hadi tano za kiwanda kutengeneza. Ongeza pia msongamano, kwa sababu kila mnunuzi duniani anataka kontena lake litoke kabla ya likizo, na nauli ya meli hupanda. Hesabu hiyo inakurudisha Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara, ya msimu huo hufanyika Guangzhou kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi 4 Novemba, kwa awamu tatu. Fika baada ya likizo ya Siku ya Taifa kumalizika, tembelea viwanda siku chache, kisha ingia maonyeshoni. Sijaona mpango mzuri zaidi ya huo kwa mtu wa bidhaa za Idi.

Msimu wa Aprili una mtego wake. Maonyesho huanza tarehe 15 Aprili na awamu ya tatu, ambayo ndiyo ya nguo, viatu na vitu vya watoto, huangukia tarehe 1 hadi 5 Mei, katikati ya likizo ya Mei Mosi. Ukumbi unakuwa wazi, lakini ukitaka kwenda kukagua kiwanda huenda usimkute mtu. Weka hoteli mapema, maana bei za Guangzhou hupanda wakati wa maonyesho, na ziara za viwandani ziwe kabla ya tarehe 30 Aprili.

Upande wa fedha, usitume malipo ya mwisho ukingoni mwa likizo. Benki za China hupunguza huduma kwa makampuni, na hela inaweza kulala hadi watu warudi, huku mzigo wako ukisubiri ghalani kwa sababu muuzaji hajaiona hela mkononi. Vilevile wiki za mwisho kabla ya Mwaka Mpya ni za haraka haraka, na za kwanza baada yake huwa na mafundi wapya; vyote viwili hushusha ubora. Lipa mtu akakague kabla hujamalizia deni. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kontena la viatu vilivyobanduka soli.

Kwa usafiri wa ndani, tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla kwenye mfumo wa reli wa 12306, na za siku za sikukuu huisha haraka. Unasajiliwa kwa pasipoti, hivyo jina liandikwe kama lilivyo humo. Barabara si kimbilio: magari madogo husamehewa ushuru wa barabara kuu wakati wa Mwaka Mpya, Qingming, Mei Mosi na Siku ya Taifa, kwa hiyo foleni huwa kubwa. Programu ya kulipia kwa simu, Alipay au WeChat, iunganishe na kadi yako ungali nyumbani, na uijaribu kabla ya kuondoka. Kuhusu viza, ubalozi wa China hufunga katika baadhi ya sikukuu zao na pia za nchi ulipo; peleka pasipoti ukiwa na wiki kadhaa mkononi.

Kabla hujatoa arubuni kwa kiwanda chochote, muulize muuzaji tarehe tatu: ya mwisho kupokea oda, ya mwisho kupakia kontena, na ya mafundi kurudi kazini. Akikujibu kwa maneno, mwombe aziandike kwenye WeChat. Tarehe ya tatu usiichukue kama ilivyo. Ongeza wiki moja.