Kabla ya kupendekeza eneo salama Sudan: jinsi ya kupima njia za kulinda raia

Nyaraka nyingi zinazoandikwa Nairobi kuhusu vita vya Sudan huanza na suluhisho. Anza na muuaji. Chora jedwali la safu nne: mahali, silaha, anayeishika, na kipindi. El Fasher, mji wa Darfur magharibi mwa Sudan, kwa mfano, hauna jibu moja. Wakati wa mzingiro watu waliuawa na mizinga, droni na njaa. RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la serikali, walipouteka mji mwishoni mwa Oktoba 2025, zikafuata ripoti za mauaji ya ana kwa ana. Ukipendekeza ndege zipigwe marufuku angani, umegusa sehemu ya safu ya silaha tu. Mwenye bunduki mlangoni hajali anga.

Eneo salama, yaani mahali raia wanapokusanywa chini ya ulinzi, ndilo pendekezo linalopendwa kuliko yote, na ndilo linaloua likifanywa nusunusu. Mwaka 1993 makamanda wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba maeneo salama ya Bosnia yanahitaji askari 34,000 hivi. Baraza la Usalama likaidhinisha takriban 7,600. Julai 1995 Srebrenica ikaanguka, wakauawa wanaume na wavulana zaidi ya 8,000. Kaskazini mwa Iraki mwaka 1991 mambo yalikwenda vizuri zaidi kwa sababu askari wa nchi kavu waliingia, kisha ndege zikaendelea kulinda anga kutoka Uturuki jirani hadi 2003. Kwa hiyo uliza: nani atajibu risasi siku ya kwanza, na kambi yake iko umbali gani? Kama huna jina la nchi na idadi ya askari, futa aya hiyo. Kuwakusanya raia mahali pasipo ulinzi ni kumrahisishia adui kazi.

Halafu piga hesabu ya tumbo. Mgao wa kilokalori 2,100 kwa siku ni takriban nusu kilo ya chakula kikavu kwa mtu. Watu 100,000 wanakula tani 50 kila siku: trela mbili za tani 28, au safari tatu hadi nne za ndege ya C-130. Maji ndiyo hukwamisha. Lita 15 kwa mtu ni lita milioni 1.5, yaani safari 150 za lori la lita 10,000, kila siku. Pasipo visima, eneo hilo halidumu wiki. (Wanaokumbuka ndege za misaada zilizoruka kutoka Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, kwenda kusini mwa Sudan wanajua pia kwamba upande mmoja wa vita ukikataa kibali cha kutua, mpango mzima unasimama.)

Vikwazo vya silaha ni rahisi kupendekeza, lakini soma mipaka yake. Vile vya Umoja wa Mataifa vya mwaka 2004 vinahusu Darfur tu. Silaha zinazoshuka bandari ya Port Sudan, nje ya Darfur, haziguswi. Nguvu za kijeshi zinahitaji Baraza la Usalama, na Novemba 2024 Urusi ilipinga kwa kura ya turufu hata azimio la kawaida la kuwalinda raia wa Sudan. Kifungu cha 4(h) cha Katiba ya Umoja wa Afrika kinaruhusu kuingilia kati, ila hakina bajeti.

Kuhusu upatanishi, angalia kama mpatanishi bado anakubalika kwa pande zote mbili. Februari 2025 RSF na washirika wao walitia saini mkataba wao Nairobi. Serikali ya Sudan ilimwita nyumbani balozi wake mwezi huohuo, na Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Anayependekeza Kenya ipatanishe lazima aeleze hilo litarekebishwaje.

Njia ndogo zisidharauliwe. Vyumba vya dharura vya mitaani, vinavyoendeshwa na vijana wa kujitolea, huendesha majiko ya pamoja pale ambapo malori hayafiki, na pesa huwafikia kwa simu kupitia Bankak, programu ya Benki ya Khartoum ya kutuma pesa. Thibitisha kila jiko kwa watu wawili wasiofahamiana. Usiweke mahali pake kwenye waraka wa hadhara: orodha ya majiko ni orodha ya shabaha pia.

Kila pendekezo lipewe tarehe ya kupitiwa upya na dalili ya kulisitisha, mfano lori mbili kuzuiwa ndani ya wiki moja. Waraka usizidi kurasa mbili, na jedwali likae ukurasa wa kwanza.