Ukiunganisha ndege Doha: fuata hivi hatua kwa hatua

Nafanya kazi ya tiketi hapa Kisumu mjini na wengi ninaowahudumia ndio wanatoka nje mara ya kwanza, manesi wanaenda Uingereza, wanafunzi, na sanasana akina mama wanaenda kuona wajukuu Marekani. Wengi wanapitia Doha, mji mkuu wa Qatar, eapoti ya Hamad, na swali ni lile lile kila siku: nikishuka pale nitajuaje pa kwenda, na hayo masaa yote nitakaa wapi? Haya, twende pole pole.

Hatua ya 1: anza na begi ukiwa bado Kisumu

Ukipeana begi kwa kaunta, angalia ile karatasi wanabandika kwa mkono wa begi. Iko na herufi tatu kubwa. Kama unaenda London Heathrow unataka uone LHR. Ukiona NBO, begi linaishia Nairobi, utalichukua mwenyewe pale mkandani halafu uende kuchekin upya upande wa ndege za nje. Hii hutokea sana ukinunua tiketi ya Kisumu–Nairobi kivyake na ile ya nje kivyake, kwa hivyo jiachie masaa manne au zaidi pale Nairobi, kwa sababu mvua ikinyesha vibaya huku kwetu ndege ndogo inaweza kuchelewa na ile kubwa haitakungoja.

Pawabenki iende na wewe ndani ya ndege, kwa begi kubwa hairuhusiwi. Ya 20,000 mAh haina shida. Omena na samaki mkavu funga vizuri uweke begi kubwa, na kwanza uulize kama nchi unayoenda inaruhusu.

Hatua ya 2: soma saa ya tiketi vizuri

Hapa ndio watu huchomeka, naomba usome mara mbili. Tiketi inaandikwa kwa masaa 24. Ukiona Jumanne 00:50, hiyo ni saa saba kasoro dakika kumi usiku, usiku ule wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Ukingoja Jumanne jioni, ndege imeshaenda zamani. Saa ya Doha na saa ya Kisumu ni moja, hakuna kubadilisha kitu kwa simu ukifika pale, kwa hivyo kama boding pasi yako inasema 07:30 ni ile ile saa moja na nusu asubuhi unayoijua.

Hatua ya 3: kama ni mama mwenye magoti, omba kiti cha magurudumu mapema

Hii huduma ni ya bure na watu wanaiogopa bure. Mwambie mwenye kukukatia tiketi aiweke kwa bukingi, angalau masaa 48 kabla ya safari, usingoje siku yenyewe. Ukishuka Doha mtu anakupokea, anakupitisha kwa sekyuriti, anakufikisha geti. Eapoti ile ni kubwa jamani, kutoka geti moja hadi nyingine unaweza tembea hadi miguu ivimbe. Mimi mama yeyote aliyezidi miaka 65 namuuliza kuhusu magoti kabla sijamuuliza kuhusu pasipoti.

Hatua ya 4: ukishuka, fuata mishale ya transfa

Usifuate watu. Wengine wanaingia Qatar, wao wanaenda kwa uhamiaji, wewe huna shida na huko. Fuata mishale ya transfa, yaani ya wanaobadilisha ndege, hadi kwa sekyuriti, utapitishwa skana tena hata kama ulipitishwa Nairobi. Maji yoyote kwa chupa yatatupwa, kwa hivyo kunywa au mwaga, beba chupa tupu, utajaza mbele, mabomba ya maji ya kunywa yako karibu na vyoo.

Ukitoka hapo simama kwa skrini ya kwanza. Tafuta namba ya ndege yako, usitafute jina la mji peke yake kwa sababu mji mmoja unaweza kuwa na ndege kadhaa siku hiyo. Geti imeandikwa kwa herufi na namba, A hadi E. Kama hakuna geti bado, usihangaike, rudi kuangalia baadaye.

Hatua ya 5: nenda uone geti kwanza, halafu ndio upumzike

Katikati ya maduka utaona dubu mkubwa wa manjano mwenye taa kichwani, mita 7 kwenda juu, kazi ya msanii Urs Fischer. Kama mko wawili na mmoja anataka choo, ambianeni mtapatana kwa dubu, hakuna mtu hapo hamjui. Kutoka huko kuna treni ndogo inapita juu ndani ya jengo, ni ya bure, inakupeleka upande wa kaskazini. Huko kuna bustani ya ndani, The Orchard, ilifunguliwa 2022, miti zaidi ya 300 chini ya paa la kioo. Ukikaa pale kichwa kinatulia kweli.

Kulala, tafuta vyumba vya kimya, vya wanaume mbali na vya wanawake mbali, viti vyake unaweza kulalia. Baridi ya AC ni kali, kwa hivyo leso isikose kwa begi la mkononi, unajifunika, unaikunja iwe mto. Weka alarm. Waifai ni ya bure, na soketi ni za pini tatu kama zetu, chaja yako itaingia. Chakula ni ghali, beba mkate au chapati kutoka nyumbani. Ukiwa na watoto kuna sanamu za shaba za Tom Otterness ambazo wanaruhusiwa kupanda na kuteleza, waache wachoke hapo kabla ya ndege. Hoteli iko ndani pia, ni ya kulipia.

Hatua ya 6: rudi geti mapema

Lisaa limoja kabla ya ndege kuondoka uwe umekaa hapo, na ukiwa njiani angalia skrini tena, geti hubadilishwa. Usitegemee kusikia jina lako likiitwa. Na geti zingine hazina ndege nje, ni basi linawapeleka hadi ilipo, kwa hivyo hizo huita watu mapema zaidi.