Lantana ing'olewe mvua ikishanyesha

Ukijitolea siku ya kazi na chama cha msitu cha jamii, usibebe miche pekee. Uwanda wa nyasi katikati ya msitu si pengo la kujazwa miti. Pongo na ndege wa nyasini wanauhitaji vilevile ulivyo. Adui hapo mara nyingi ni lantana, kichaka vamizi cha kigeni. Kuikata kwa panga ni kuichokoza tu, itachipua. Subiri udongo ulainike, kisha ichimbue pamoja na mizizi yake kwa jembe, kabla matunda hayajawa meusi, maana ndege huyala na kusambaza mbegu. Vaa glavu nene, maana lantana ina miiba. Palipobaki wazi mwaga mbegu za nyasi za hapohapo, na mifugo isipitishwe kwanza.