Anza na kijiti cha oili
Ukitaka kujifunza kulihudumia gari lako mwenyewe, usikimbilie spana. Anza kwa kupima oili. Egesha mahali tambarare, zima injini, subiri kama dakika 10 oili ishuke chini. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kikavu, kirudishe hadi mwisho, kisha ukichomoe tena, maana kipimo cha kwanza hudanganya. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo huku ukipima; kujaza kupita kiasi nako kunaharibu. Weusi usikutishe, hasa kwa injini ya dizeli. Ila ukiona rangi ya maziwa, usiwashe: huenda maji ya rejeta yameingia kwenye oili. Hapo mwite fundi.