Namna ya kusoma majina ya mto Mackenzie kwenye ramani

Mwaka wangu wa kwanza kuufundisha mto huu niliumbuka ubaoni: nilichora mshale wa maji ukielekea kusini, kwa mazoea tu. Mackenzie, kule Kanada, unakwenda kaskazini kama Nile. Kwa hiyo kwanza igeuze ramani juu chini, Ziwa Great Slave liwe mbali nawe na Bahari ya Aktiki iwe kifuani. Sasa shuka na maji, kilomita 1,738.

Anzia kwenye ziwa. Usiandike "Ziwa la Watumwa", nimeshalifuta hilo kwenye madaftari mengi. "Slave" hapa ni jina la watu: ni Wacree, wenyeji wengine wa Kanada, waliowaita hivyo majirani zao Wadene, wenyeji wa bonde la mto huu, kwa dharau. Wadene wenyewe huliita Tucho: tu ni maji, cho ni kubwa. (Darasa litacheka. Waache wamalize.) Ukishika vipande hivyo, mengine yanafunguka: Dehcho, yaani mto mkubwa, ndilo jina lao la Mackenzie. Tulita, mahali maji yanapokutana, ni kijiji kilichoitwa Fort Norman hadi 1996.

Kila kijiji kipe rangi mbili, moja ya jina la wenyeji, nyingine ya jina la wafanyabiashara wa manyoya. Fort Simpson, au Liidlii Kue, kaa hapo kidogo. Mto Liard unaingia na tope lake, na maji ya kahawia na maangavu yanakwenda ubavu kwa ubavu mwendo mrefu kabla ya kuchanganyika. Barafu nayo huanza kukatika huku kusini wakati mbele bado imeganda. Mapande yanakwama, maji yanapanda kingo. Mei 2021 watu wengi wa hapo walihama nyumba zao.

Mdomoni, Wainuvialuit, wenyeji wa pwani ya Aktiki, wanauita mto Kuukpak. Maana? Mto mkubwa. Lugha yao na ya Wadene hazina udugu wowote.

Jina la Alexander Mackenzie liandike mwisho, kwa penseli. Mskoti huyo alishuka na mitumbwi mwaka 1789 akiitafuta Pasifiki, akiongozwa na Wadene walioujua mto. Karibu na mdomo, usiku, maji yalipanda hadi kwenye mizigo yao. Wanafunzi wangu wa Tanga huwa hawangoji nimalize: "Mwalimu, si maji yamejaa tu!" Naam, bahari ilikuwa imefika, ila siyo aliyoitaka.